Ulifika Kabla ya Muda

Kendi,

Mama yako alinitumia ndizi tena. Mkungu mzima, umefunikwa kwa majani makavu, na kipande cha katoni kimefungwa juu yake kwa kamba ya mgomba: WAWIRA WA KENDI. Mimi mwenyewe ndiye niliyeupokea, maana unajua mizigo yote inayotoka Mitunguu hupita mikononi mwangu pale kaunta ya ofisi ya magari. Mwenzangu alisema nina bahati, wengine hawatumiwi hata limau. Nikacheka. Halafu nikaubeba hadi nyumbani Kinoru nikaugawa wote kwa majirani kabla hata sijavua viatu. Sikubakisha ndizi hata moja. Siwezi kuzila, na leo nataka kukuambia kwa nini, ingawa mwanzo wa mambo haya unaujua vizuri kuliko mimi.

Kwanza habari. Kibanda chako cha kushonea kimechukuliwa na kijana anayeuza kava za simu, amekipaka rangi ya kijani ambayo ungeichukia. Cherehani yako iko nyumbani kwenu, imefunikwa shuka. Nguo za wateja zilirudishwa zote, na zile ambazo hazikuisha zilimaliziwa na fundi wa ng'ambo ya barabara, yule uliyekuwa ukisema mishono yake inatembea kama mlevi. Kuna mama mmoja alikuja ofisini kwangu kukulalamikia kwa sababu ya sketi. Nikamwambia umetutoka. Akashika kifua, akasema pole sana, Mungu akulaze pema, kisha akauliza kama kitambaa kilichobaki kipo. Nilitaka kukupigia simu nikusimulie. Nilikuwa tayari nimeshaitoa simu mfukoni.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyogombana kwayo. Wewe na Kimeru chako, mimi na Kiembu changu kutoka Karurumo, tulikuwa tunaelewana nusu, na ile nusu nyingine tunachekana. Ulisema Kiembu ni Kimeru kilichoanguka kwenye ngazi. Miaka yote tuliyokaa pamoja kwenye vile vyumba viwili vya Kinoru, mambo mazito tuliyasema kwa Kiswahili, na matusi pia.

Nakumbuka siku ulipokuja na kile kidude cha gemu. Ulikuwa umekipata kwa fundi wa simu, kona moja imepasuka, kitufe kimoja lazima ukibonyeze kwa kucha. Ndani yake kulikuwa na gemu moja tu, ya Kijapani, imetafsiriwa kwa Kiingereza. Msichana ameachiwa na nyanya yake duka la dawa za miti katika kijiji cha mlimani, na baraza la kijiji linasema athibitishe kwamba analiweza, la sivyo duka litafungwa. Kila msimu anapewa kazi. Atengeneze dawa ya kikohozi ya kutosha kijiji kizima. Atengeneze mafuta ya taa za darajani. Na juu kwenye kona ya kioo kuna kalenda inayopunguza siku. Kwenda msituni kunakula siku, kuchemsha dawa kunakula siku, hata kulala kunakula siku.

Mimi ile kalenda ilinikimbiza. Unajua nilikotoka. Baba yangu ni mtu wa kahawa, na kahawa iliyochumwa leo ni ya leo; ukifika kiwandani mizani imefungwa, unarudi nayo nyumbani inachacha ndani ya gunia na hakuna atakayekusikiliza. Nimekua nikikimbia nyuma ya punda nikiambiwa tumechelewa. Kwa hiyo nilicheza ile gemu nikiwa nimekunja uso. Sikumsalimia mtu kijijini. Niliokota majani, nikachemsha, nikapeleka, na kazi ya msimu ikaisha kalenda ikiwa bado imejaa siku. Sikujua la kuzifanyia. Nikamlaza yule msichana, akaamka, nikamlaza tena.

Ulicheka mpaka ukatema pini za nguo ulizokuwa umezishika mdomoni. Ukasema, "Wawi, relax. Hiyo deadline ni ya kukutisha tu. Hao watu wamekupea siku mara mbili ya zile unahitaji." Kisha ukanieleza, huku unapinda pindo la sare ya shule ambayo mwenyewe alikuwa ameingoja tangu muhula ufunguliwe. Ulisema ziko gemu nyingine za huko huko ambazo ukipoteza siku moja mwanzoni unakuja kugundua mwishoni kabisa, baada ya jioni nyingi, na inabidi uanze upya kama mjinga. Lakini hizi za watu wa kawaida, watu wanaocheza huku wakingoja maharagwe yaive, hazitengenezwi hivyo. Saa iko pale, inatembea, inaonekana kali, lakini wameilegeza kwa ndani mahali ambapo huoni. Siku zikianza kuisha, karani wa baraza, yule mwenye kofia ya duara, anapita dukani kama mtu aliyekuja kusalimia tu. Anauliza unaendeleaje, na katika kuuliza anakutajia kitu kilekile ulichosahau. Na ukishindwa kabisa, hakuna anayekufukuza. Anakuja, anavua kofia, anakuambia baraza limekubali kungoja, na unarudishwa mwanzo wa msimu ukiwa na dawa zako zote kwenye rafu na kila ulichojifunza kichwani. Zinarudi siku tu.

Nikakuuliza basi saa ni ya nini kama haiumi. Nilikuwa nimekasirika kweli, kana kwamba nimedanganywa. Ukasema, "Bila saa ungezunguka huko msituni ukiokota uyoga mpaka uzeeke. Saa ni ya kukufanya uchague. Si ya kukufukuza."

Wewe siku zako za ziada ulizitumia kutembelea watu. Mwoka mikate, mjane wa darajani, yule mzee wa mbuzi. Kila mmoja alikuwa na hadithi yake ndefu isiyohesabiwa popote. Mimi nilikuwa nimemaliza msimu mzima bila kujua kwamba wale watu wanaongea. Na Jumamosi moja ulininyang'anya kidude ukasema leo tunashindwa makusudi, ili nione. Tukamlaza yule msichana siku baada ya siku mpaka kalenda ikawa tupu. Niliinuka kitini, nakuapia. Karani akaja, akavua kofia. Wewe hukuwa unaangalia kioo, ulikuwa unaniangalia mimi.

Shida, Kendi, na niruhusu niseme hili hata leo, ni kwamba ulichukua sheria za gemu ukazileta kwenye cherehani. Kesho yako ilikuwa ndefu kuliko kesho ya mtu mwingine yeyote Meru nzima. Watoto walifunga shule wakiwa bado hawajapata sare za kufungulia. Na hata pale ulipotaja saa, ilikuwa balaa. Ulikuwa ukiwaandikia wateja kwenye simu, "Njoo saa 2," ukimaanisha saa nane mchana, kwa sababu simu yako ilisema 2. Wao wanafika saa mbili asubuhi, wanakuta kufuli. Nilikuambia ile shule yako ya bweni, ya Kiingereza kuanzia asubuhi hadi jioni, ilikuharibu saa. Tulilicheka sana jambo hilo. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Mimi nilikuwa upande mwingine kabisa. Pale kaunta wananiita Mama Kufuli, sijui kama niliwahi kukuambia. Gari likiondoka limeondoka. Nimewarudisha watu wazima wakiwa na machozi, mzigo wao ukiwa hapo hapo nyuma yangu, kwa sababu walichelewa kidogo. Nilijivunia. Nilidhani huko ndiko kuwa mtu wa kutegemewa.

Halafu yakaja yale magauni ya siku ya mahari ya dada yangu Njoki. Shangazi wote na sisi dada, kitenge cha rangi moja. Ulipima kila mtu, ukaahidi, ukaahidi tena. Siku yenyewe wageni wa upande wa bwana harusi walifika Karurumo, shangazi zangu wakawapokea wamevaa kila mmoja lake, sweta hii, leso ile, na mama yangu akawa anaangalia barabarani huku anagawa chai. Wewe ulifika na mfuko wako tayari sahani zinaoshwa. Ulikuwa umekaa juu ya pikipiki unatabasamu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ukasema, "Si nimefika?"

Nikakuambia mbele ya shangazi zangu kwamba wewe hata mazishi yako mwenyewe utachelewa.

Walicheka. Shangazi zangu walicheka, na mimi nikafurahi kwamba wamecheka. Wewe hukucheka. Uliweka mfuko kwenye kiti, ukamwomba mama samahani kwa Kiembu, kile Kiembu chako kibovu, ukapanda pikipiki ile ile ukarudi. Wiki hiyo ukahama, ukawa unalala kwenye kile chumba cha nyuma ya kibanda. Magauni yalikuwa mazuri sana, Kendi. Yalitoshea kila mtu bila kurekebishwa. Sikuwahi kukuambia.

Tulinyamaziana muda mrefu. Nilikuwa napita njia ya nyuma nisione kibanda chako. Kisha siku moja nikiwa kazini, hasira imenipanda upya kwa sababu hata hukuonyesha dalili ya kunitafuta, nikakuandikia: Jumapili kabla ya saa 4 uwe umekuja kuniomba msamaha. Ukichelewa tena usinijue. Niliusoma ujumbe ule mara mbili kabla ya kuutuma, nikaona uko sawa kabisa, wa haki, wenye muda wa kutosha. Nilichagua saa nne kwa sababu baadaye ningeenda ibada ya pili.

Jumapili hiyo nilijiandaa mapema. Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu: nilipika chai ya watu wawili. Nilinunua hata mandazi. Nilikaa kitini nimevaa nguo za kanisani, naangalia mlango, na ilipofika saa nne, saa nne yangu mimi, ya asubuhi, nikaimwaga chai yako kwenye sinki. Nikaenda kanisani nikaimba kwa sauti. Nilikuwa na haki, unaelewa? Nilikupa nafasi mbele ya Mungu na ukaitupa kama kawaida yako.

Mchana mvua ikanyesha. Saa tisa na nusu ukabisha.

Nilijua ni wewe, wewe hubisha kwa viganja. Ukasema, "Wawi, fungua. Leo hata nimekuja mapema." Na sauti yako ilikuwa na kicheko ndani yake. Nikadhani unanidhihaki. Nikadhani unafanya mchezo, kwamba hata kuchelewa mara hii umeona ni jambo la kuchekesha. Nikanyanyuka nikaongeza sauti ya redio. Ukabisha tena, ukasema, sasa bila kicheko, "Niko kwa time leo, aki. Fungua." Niliviona viatu vyako chini ya mlango, vile vya mpira vya buluu. Vilikaa pale. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, miguu imening'inia, nikingoja viondoke, na vilipoondoka nikahisi nimeshinda.

Si mvua ile iliyokuua. Daktari alituambia ni homa ya uti wa mgongo, nayo ilikuja baadaye, ikakuchukua haraka. Mimi nilisikia ukiwa tayari umelazwa mahali wanaporuhusu familia tu. Nikasema nitakuja kesho yake, nikiwa nimepanga maneno. Simu ikaja kabla sijatoka nyumbani.

Tulikuzika Mitunguu, upande wa juu wa migomba, karibu na mfereji wa maji. Mama yako alichukua kipaza sauti baada ya kwaya. Alishukuru kanisa, akashukuru majirani, kisha akaniita kwa jina. Akasema, "Huyu msichana walikuwa wamekosana na mtoto wangu. Na Kendi alitoka kwake akaenda kwa huyu, wapatane, kabla Mungu hajamchukua. Wawira, simama watu wakuone." Watu wakasema amina. Kendi, nilisimama. Nilisimama nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, na wanawake wakanipigia makofi mbele ya jeneza lako. Kila ninapokumbuka magoti yangu yakinyooka pale mwili wote unaniwaka.

Kutoka siku hiyo nikawa mtoto wa pale kwenu. Alinipa kidude chako cha gemu, akasema ungetaka nikae nacho. Nilikiwasha mara moja. Msichana wako alikuwa katikati ya msimu, dawa nyingi hazijachemshwa, na siku zimebaki chache, kama kawaida yako. Sikujaribu kumaliza. Nilimlaza tu mpaka siku zikaisha, na karani alipoingia na kuvua kofia nikakizima kabla hajasema neno. Sikutaka kuambiwa. Kisha ndizi zikaanza kuja, na kila mkungu ulikuwa na kile kikatoni chenye majina yetu mawili.

Hapo nilikuwa naona aibu, ndiyo, lakini nilikuwa bado najitetea. Nilijiambia kwamba angalau ulichelewa. Nilikuwa mkali, lakini wewe ulichelewa.

Halafu mwezi huu akaja kijana mmoja kuchukua mzigo. Nilikuwa nimemwandikia kwenye simu kwamba awe ameuchukua kabla ya saa 4, la sivyo unarudi ulikotoka. Nilikuwa nimemngoja asubuhi, hakutokea. Akaja alasiri, anatembea polepole, ananyonya soda. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtoe mbio. Akaangalia saa ya ukutani, kisha akaniangalia mimi kwa mshangao, akasema, "Si uliniambia kabla ya saa nne? Nimekuja mapema hata."

Niliangalia ile saa. Mkono mfupi ulikuwa karibu na nne.

Sijui nilimpa mzigo wake vipi. Mwenzangu aliniuliza kama naumwa. Nilienda nyuma, nikakaa katikati ya magunia, nikajifunika uso kwa koti la kazi. Saa tisa na nusu, Kendi. Kwa simu yako ilikuwa tatu na nusu. Nilikuandikia 4 na ukasoma 4. Ulitoka kibandani kwako kwenye mvua, wewe ambaye hukuwahi kufika mapema popote tangu nikujue, ukafika kabla ya muda niliokupa, na ulikuwa umefurahi. Kile kicheko hakikuwa cha dhihaka. Ulikuwa unataka nione.

Na nilikuwa najua. Hilo ndilo haliniachi. Mtu mwingine angeweza kusema hakujua, lakini mimi nilikuwa nimekaa na wewe miaka yote nikicheka wateja wako waliokuta kufuli. Nilijua jinsi unavyosoma saa kuliko mama yako mzazi. Hasira tu ndiyo iliyonizuia kukumbuka, na nadhani, nikisema kweli kabisa, sikutaka kukumbuka.

Jumamosi iliyopita nikaenda Mitunguu. Sikumpigia mama yako simu, niliogopa nikimpigia nitaishia kumshukuru kwa ndizi. Nilimkuta kwenye migomba anapunguza machipukizi, akaniona, akachomeka panga ardhini, akasema karibu mwari wangu, binti yangu. Tulikaa nje ya jikoni. Akaleta beseni akaanza kumenya ndizi za mchana, na mimi nikamwambia yote. Saa 4. Chai niliyoimwaga. Redio. Viatu vyako chini ya mlango. Nilimwambia pia maneno niliyokutamkia Karurumo, yale ya mazishi. Nilijizuia kulia, kwa sababu ningelia angelazimika kunibembeleza, na sikuwa nimeenda huko kubembelezwa.

Hakuacha kumenya. Nilipomaliza akasema, "Najua."

Akasema ulimpigia simu jioni ile ile. Ulimwambia, "Mama, Wawi alikataa kufungua, na leo nilikuwa mapema." Ulimwambia utarudi Jumapili nyingine, kwamba mimi hukasirika mpaka hasira inaniisha yenyewe, nisukumwe polepole. Haya aliniambia bila kuinua macho, huku maganda yakianguka kwenye beseni. Nikamuuliza basi kwa nini alinisifu mbele ya watu. Akasema, "Mimi nilisema alienda. Sikusema ulifungua. Nilikusimamisha ndiyo useme. Ukainama."

Nikauliza kuhusu ndizi. Akasema alikuwa anazituma ili siku moja nije nimuulize ni za nini. Akasema amengoja mpaka amechoka, na nisifikiri ni mtu mzuri sana, kuna siku alizifunga zile ndizi huku ananilaani. Kuku waliingia jikoni akawafukuza, akarudi kuketi.

Nikamuuliza, "Mama, umenisamehe?"

Akasema, "Bado."

Alilisema vile mtu anavyokujibu ukiuliza kama chakula kimeiva. Hakukuwa na ukali ndani yake, wala hakukuwa na huruma. Akapakua ndizi, akaniwekea sahani, na safari hii nikala. Zilikuwa za moto sana, niliungua ulimi nikaendelea kula. Alinisindikiza hadi kwenye mfereji, na pale tulipoagana akasema machipukizi ni mengi na mgongo wake umechoka, nije Jumamosi nimsaidie. Nikamuuliza nije saa ngapi. Ndipo akaniangalia usoni, kwa mara ya kwanza siku hiyo nzima.

"Kuja tu," akasema.

Kwa hiyo nakuaga sasa, rafiki yangu. Siombi unisamehe, huwezi kunijibu, na lile ulilomwachia mama yako, kwamba utarudi Jumapili nyingine, sistahili kuliita jibu langu. Jumamosi nitaenda. Nitang'oa machipukizi mpaka aniambie inatosha, na sitamuuliza tena lile swali. Nitaenda na Jumamosi itakayofuata. Akija kusema siku moja kwamba amenisamehe, nitakuja upande wa juu wa migomba nikuambie. Asiposema nitakuja pia.

Ni mimi,
Wawira